Mtoa Dawa na Vipimo vya Urithi: Je, Zahanati Zetu Ziko Tayari?

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA PAROKIA NA WAFADHILI

Lengo la somo: Baada ya somo hili wanakamati waweze kueleza kwa nini dawa moja humponya mtu mmoja na kumdhuru mwingine, na kujua la kuuliza kabla ya kutoa fedha za kununua vipimo vipya.

Utangulizi

Watoto wawili wanaweza kulala chumba kimoja, kula chungu kimoja na kuugua ugonjwa mmoja. Wakapewa dawa ile ile kwa uzito ule ule. Mmoja akapona, mwenzake akazidiwa. Majirani watasema dawa ilikuwa bandia, au kuna mkono wa mtu. Wakati mwingine sababu imo katika mwili wa mtoto mwenyewe, katika jambo alilorithi kwa wazazi wake.

Siku hizi vipo vipimo vya kutambua baadhi ya mambo hayo kabla dawa haijatolewa, na ni vizuri kuvifurahia. Hata hivyo kuna swali linalotangulia: yule anayesimama kwenye dirisha la dawa ameandaliwa kuvitumia? Tafiti zilizofanywa kwa wafamasia wa nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wanakubali faida ya vipimo vya urithi, lakini wachache wanaona kuwa wamefundishwa vya kutosha kusoma majibu na kumweleza mgonjwa.

Mfano ulio karibu nasi: G6PD

G6PD ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Wapo watu waliozaliwa na kiasi kidogo cha kimeng'enya hiki. Duniani wanakadiriwa kufikia milioni 400, na wengi wako katika nchi zenye malaria, Afrika Mashariki ikiwamo. Hali hii humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria, ndiyo maana imeenea huku, kama ilivyo kwa selimundu.

Mtu mwenye upungufu huu anaweza kuishi miaka mingi akiwa na afya njema asijue lolote. Akipata dawa fulani, chembe zake nyekundu huvunjika kwa wingi. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanakuwa ya manjano, nguvu zinamwishia. Akichelewa kutibiwa anaweza kufa kwa upungufu wa damu.

Chanzo kiko katika jeni iliyo kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume anayo X moja tu, aliyoipata kwa mama yake, kwa hiyo wavulana huathirika zaidi. Mama anaweza kuibeba jeni hiyo bila dalili yoyote. Hakuichagua, na asilaumiwe na ukoo. Hili viongozi wa jumuiya wanaweza kulisaidia sana.

Tulichofundishwa na Lapdap

Upungufu huu uligunduliwa mwaka 1956 nchini Marekani, watafiti walipochunguza kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliharibu damu ya baadhi ya watu. Pamoja na ujuzi huo, mwaka 2003 ilisajiliwa dawa mpya ya malaria iitwayo Lapdap, iliyochanganya klorprogwanili na dapsoni. Ilikusudiwa kwa Afrika, na nia ilikuwa njema: dawa ya bei nafuu wakati dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa.

Majaribio zaidi katika nchi kadhaa za Afrika yakaonyesha kuwa wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiasi cha kutisha baada ya kuitumia. Mwaka 2008 dawa ikaondolewa sokoni. Katika zahanati nyingi ambako ingetumika hapakuwa na njia ya kumtambua aliye hatarini. Nia njema na bei nafuu havikutosha.

Utayari ni nini hasa?

1. Kuzijua dawa. Mtoa dawa ajue kwamba dapsoni, ambayo bado imo katika matibabu ya ukoma, primakwini ya siku 14, na nitrofurantoini ya maambukizi ya njia ya mkojo zinahitaji tahadhari kwa watu hawa. Ajue pia kuwa vidonge vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo vinaweza kumdhuru mtoto mchanga mwenye upungufu huu akivishwa nguo zilizohifadhiwa navyo.

2. Kuuliza kabla ya kutoa. Maswali matatu hayana gharama: Umewahi kutoa mkojo mweusi au kuwa na macho ya manjano baada ya kunywa dawa? Yuko ndugu wa tumbo moja au mjomba upande wa mama aliyepatwa na hali hiyo? Yuko mtoto katika familia aliyekuwa na manjano makali alipozaliwa? Mtoa dawa akipata jibu la kutia shaka, asibadili dawa kwa uamuzi wake. Amrudie tabibu aliyeiandika. Mgonjwa naye asiache dawa peke yake.

3. Kuyasoma majibu. Kipimo cha G6PD kinachotumika zaidi hupima nguvu ya kimeng'enya, hakiisomi jeni yenyewe. Mgonjwa akipimwa mara tu baada ya damu yake kuvunjika, jibu linaweza kuonekana la kawaida, kwa sababu chembe dhaifu zimekwisha na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi. Asiyejua hili atamwambia mgonjwa kuwa yu salama, kumbe sivyo. Tena, wanawake wengine wana kiwango cha katikati ambacho vipimo vyepesi havikioni.

4. Kujua wakati kipimo hakihitajiki. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia malaria ya falsiparamu isienee, na kueleza kwamba dozi hiyo haihitaji kupima G6PD kwanza. Mtoa dawa anayeogopa kila dawa atawanyima wagonjwa tiba.

5. Kuandika na kutunza siri. Jibu la urithi halibadiliki mwaka hadi mwaka. Linapaswa kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa ili asomwe vizuri popote aendako. Utafiti uliofanyika katika nchi 7 za Ulaya na kutangazwa mwaka 2023 uliwahusisha wagonjwa karibu 7,000. Waliochaguliwa dawa na dozi kwa kufuata jeni 12 walipata madhara ya dawa pungufu kwa asilimia 30 hivi, na walipewa kadi ya kumwonyesha daktari na mfamasia. Lakini jibu la mmoja linagusa ndugu zake wote, basi lisiwe habari ya kusimuliwa kisimani.

Ushauri kwa kamati na wafadhili

G6PD ni mlango tu. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wamechunguza jinsi jeni iitwayo CYP2B6 inavyofanya dawa ya VVU ya efavirenzi ijae mwilini mwa baadhi ya watu. Elimu hii itazidi kuja, na vifaa vitakuja pamoja nayo.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio huu. Kwanza, mafunzo kwa watoa dawa na matabibu wakiwa pamoja. Pili, daftari la madhara ya dawa, na taarifa zipelekwe kwa mamlaka ya dawa ya nchi. Tatu, maelewano na hospitali ya rufaa inayoweza kuongeza damu. Nne ndipo kipimo kinunuliwe, pamoja na bajeti ya vitendanishi, ambavyo huisha, hupitwa na tarehe na huharibika kwa joto. Mashine ikinunuliwa kwanza, itafunikwa kitambaa kabatini kama nyingine tulizokwisha kuziona.

Maswali ya kujadili

1. Katika zahanati yetu, nani hutoa dawa mhudumu mkuu anapokuwa likizo? Amefundishwa nini?
2. Mgonjwa akirudi na mkojo mweusi leo usiku, atapelekwa wapi, na kwa usafiri gani?
3. Kadi zetu zina nafasi ya kuandika dawa iliyomdhuru mgonjwa?
4. Tutawaelezaje akina mama ili asiwepo anayelaumiwa kwa alichorithi mwanawe?

Kamati ianze na swali la pili. Jibu lake liandikwe na kubandikwa kwenye dirisha la dawa kabla ya kikao kijacho.