Mtoto akiharisha, usikimbilie vidonge vya rangi mbili



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi kuna kopo au mfuko unaowekwa juu ya kabati. Ndani yake mna vidonge vya rangi mbili vilivyobaki, Flagyl mbili tatu, na chupa ya dawa ya maji iliyofika nusu. Mtoto akianza kuharisha, kopo hilo ndilo la kwanza kushushwa. Wiki hii tulizungumzie, kwa sababu utafiti wa miaka ya karibuni umetufundisha mambo mawili. Kwanza, dawa hizo mara nyingi hazimsaidii mtoto anayeharisha. Pili, zinaweza kumharibia dawa atakayoihitaji siku atakapougua ugonjwa unaoitaka kweli.

Nini humfanya mtoto aharishe?

Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2013. Wataalamu walipima vinyesi vya watoto zaidi ya 9,000 wa chini ya miaka 5 walioharisha sana, wakawalinganisha na watoto wenzao wasioharisha. Vijidudu vilivyoongoza vilikuwa vinne: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, na bakteria wa aina mbili, mmoja wao shigela, ambaye huleta kuhara damu.

Tazama hapo, ndugu msomaji. Antibayotiki ni dawa za kuua bakteria. Virusi vya rota havisikii amoksilini wala Flagyl, hata ukimpa mtoto chupa nzima. Mtoto akipona siku ya tatu baada ya kupewa vidonge, mama huvisifu vidonge, kumbe mwili wenyewe umemaliza kazi yake.

Baadhi ya waganga nao waliuliza: je, hata walio hatarini zaidi wasipewe? Swali hilo lilijibiwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 7, zikiwemo Tanzania na Kenya. Watoto zaidi ya 8,000 wa miezi 2 hadi 23, waliokuwa wakiharisha majimaji na huku wamepungukiwa maji au wana utapiamlo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa azithromaisini kwa siku 3, la pili likapewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Wote walipata maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki. Baada ya siku 180, wataalamu hawakupata uthibitisho kwamba antibayotiki ile ilipunguza vifo. Faida iliyoonekana katika kukua kwa urefu ilikuwa ndogo mno. Watoto waliohara damu au kushukiwa kipindupindu hawakuingizwa humo, kwa kuwa hao wana matibabu yao.

Usugu huzaliwaje?

Tumbo la mwanadamu limejaa bakteria wengi wasio na madhara, na baadhi yao wana manufaa. Bakteria mmoja, akipata chakula na joto linalomfaa, anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Unapompa mtoto antibayotiki, bakteria dhaifu hufa. Wachache wenye kinga dhidi ya dawa hubaki, wakapata nafasi na kuzaliana.

Baya zaidi ni kwamba bakteria sugu anaweza kumpa jirani yake nakala ya kinga hiyo, hata kama jirani ni wa aina nyingine. Kwa hiyo usugu uliozaliwa kwa bakteria asiye na madhara unaweza kuhamia kwa yule aletaye homa ya mapafu au maambukizi ya damu. Kisha kwa mikono isiyooshwa, vyombo na choo cha pamoja, bakteria hao hupita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, kwa bibi, na kwa kichanga aliyezaliwa juzi.

Hili si jambo dogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini ya Sahara. Sisi matabibu hukutana na usugu huo pale mgonjwa anapopewa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, naye asipate nafuu.

Basi tufanye nini?

Mtoto anayeharisha huuawa zaidi na upungufu wa maji. Hivyo tiba ya kwanza ni maji.

1. Changanya pakiti ya ORS katika maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

2. Mpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kama ameacha kuharisha siku ya pili. Zinki huufupisha ugonjwa. Utafiti uliofanyika India na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hata vipimo vidogo kuliko vilivyozoeleka vilifaa, na watoto waliotapika wakawa wachache zaidi.

3. Usimkatize kunyonya wala kula. Ikiwa ni Ramadhani, na mama anayenyonyesha anachelea kumdhuru mtoto, dini yetu imempa ruhusa ya kufungua. Amuulize sheikh wake namna ya kulipa.

4. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama, kutapika kila kitu, kulegea, degedege, au kushindwa kunyonya na kunywa. Vivyo hivyo akitoa choo kama maji ya mchele. Kichanga wa chini ya miezi 2 asisubirishwe kabisa.

5. Akiandikiwa antibayotiki huko, mpe kwa kipimo na kwa siku zote ulizoambiwa. Usimgawie mwingine. Dawa ya maji ikishachanganywa, nyingi hudumu siku 7 hadi 14 tu, kwa hiyo ile ya mwezi uliopita si akiba tena. Mabaki yarudishe kituoni au duka la dawa, uulize namna ya kuyateketeza.

6. Hakikisha mtoto amepata chanjo ya rota kwa wakati. Inatolewa kwa matone mdomoni katika miezi ya mwanzo, hapa Tanzania na Kenya pia.

Twahara na sabuni

Vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa twahara, na sisi ni watu wa kutumia maji chooni. Hilo ni jema. Lakini baada ya kustanji, mkono uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa maji matupu hayatoshi kuondoa vijidudu vya kinyesi. Mpini wa birika hushikwa na kila atokaye chooni, nao uoshwe kila siku. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, na aliyemsafisha mtoto asiguse unga wala chupa ya maziwa kabla ya sabuni.

Ndugu msomaji, leo hii shusha lile kopo. Toa vidonge vilivyobaki, na mahali pake weka pakiti mbili za ORS na zinki. Mtoto akiamka usiku wa manane anaharisha, utakuwa na kitu cha kumpa kabla hakujapambazuka.

Wabillahi tawfiq.