Wananiona samaki, nami maji nayaogopa

Somo, mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Chake Chake, lakini naishi Mbagala tangu nikiwa darasa la pili. Nina kikundi cha kuweka na kukopa, tuko wanawake 9. Faida ya mwaka huu tumekubaliana tuile kwa matembezi: mwezi wa kumi tunakwenda Pemba siku nne, na siku moja tutapelekwa kisiwa cha Misali kutazama matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia. Wenzangu wamenifanya kiongozi kwa sababu ndimi Mpemba wao. Somo, mimi kuogelea sijui hata kidogo, na miaka yote nimekuwa nikiwasimulia nilivyokuwa nikipiga mbizi utotoni. Isitoshe, mama ametukataza kupanda boti tangu mdogo wake alipofia kwenye meli mwaka 2011. Nimemwambia nakwenda harusini Chake, kwa ndege. Na shangazi yangu wa Wesha keshasema hoteli marufuku, sote 9 tufikie kwake. Nifanyeje nisiaibike?

Mpemba wa Nchi Kavu, Mbagala

Mwanangu, umeniuliza utafanyaje usiaibike. Mimi naanza na utafanyaje urudi mzima; aibu tutaikuta mbele.

Waambie wenzako kwenye kikao kijacho, mkiwa bado Dar. Usingoje mfike Wesha boti imeshawashwa, maana hapo utaona haya maradufu na utanyamaza. Nahodha na mzamiaji wake huuliza kabla ya kuondoka nani anajua maji na nani hajui, na wasipouliza waambie wewe. Wasiojua hufungwa maboya kifuani na kupewa mtu wa kuwa nao ubavuni. Aliyejitapa huachwa ajitegemee. Ukianza kutapatapa, atakayekurukia ni mwenzio wa kikundi ambaye naye pengine kajifunzia kwenye bwawa la hoteli, na mtu anayezama humpanda anayemwokoa. Utakuwa umemwingiza kwenye hadithi zako za utotoni bila ridhaa yake.

Na hiyo aibu, nani kakwambia kila aliyezaliwa kisiwani ni samaki? Wavulana wetu huogelea kwa sababu hufuatana na baba zao kwenye ngalawa. Wasichana tuliachwa ufukweni na ndoo, tukivua pweza na kuokota chaza maji yakipwa, na maji yakifika magotini tukaitwa turudi. Kule kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoana, wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha, na mwaka 2018 picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo. Dunia ilishangaa kwamba mtoto wa pwani anafundishwa maji. Sisi tulikuwa tunalijua jambo hilo siku nyingi, tulikuwa hatulisemi tu. Nami naweka dau kwamba katika hao wenzako wanane wapo wawili watatu wanaoomba Mungu mtu mwingine atangulie kukiri.

Kutazama matumbawe hakuhitaji uogelee kama mvuvi. Kunahitaji uelee na upumue kwa mdomo bila kuhamaki. Miwani inafunika pua, kwa hiyo pua isahau. Mnazo wiki za kutosha: tafuteni bwawa na mwalimu, kisha simama maji yakiwa kiunoni, ng'ata bomba, inamisha uso, pumua polepole mpaka moyo utulie. Temea mate ndani ya kioo cha miwani ukisuuze, kisizibwe na mvuke. Maji yakiingia kwenye bomba, yapulize kwa nguvu. Anayeshindwa ni yule anayeinua kichwa ghafla, maana kichwa kikipanda miguu inazama. Pale Misali kuna jambo la kukuandaa: matumbawe huanza karibu, maji mafupi unaona kila kitu, halafu ghafla ukuta unakatika na chini ni buluu tupu, kwani ng'ambo yake ni mkondo wenye kina kikubwa kati ya Pemba na bara. Hata waogeleaji hushtuka. Kaa upande wa maji mafupi, boya kifuani, na hutakosa samaki. Usikanyage matumbawe ukichoka. Yatakukata, nawe utakuwa umeyaua.

Uongozi wako basi uwe wa nchi kavu, na kazi ipo. Mwezi wa kumi mmechagua vizuri, kusi linalegea na kaskazi bado halijashika. Ila tarehe ya Misali msiichague kwa kalenda ya ofisini. Tazameni mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo huvuta. Nendeni mwezi saba au nane, au ishirini na mbili na tatu, wakati wa maji mafu, na saa ya kuingia majini mwachieni nahodha. Msimshurutishe kwa sababu mmelipa. Misali ni hifadhi tangu 1998, na mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba; kuna kiingilio, kuna sehemu ambazo hata wavuvi hawavui, na kombe haliokotwi. Wavuvi wanaopiga dago pale wapo kazini. Wenzako wavae watakavyo majini, lakini wakishuka mahali walipo hao wazee wajifunge kanga. Hilo liseme mapema, kwa upole, usiwaachie walijue kwa macho ya watu.

Sasa mama. Hapa nakukemea. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, jirani na Nungwi, ikienda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mama yako hana woga wa kijinga. Kazika, au pengine hata maiti hakuiona. Humwambii mtu wa namna hiyo unakwenda harusini. Na Wapemba hujuana kwa vilemba: kabla hujamaliza urojo wako wa kwanza Chake, Mbagala watakuwa wameshapigiwa simu kuulizwa harusi yenyewe ya nani. Mweleze ukweli wote. Kwenda na kurudi Pemba panda ndege kama ulivyomwahidi, hata ikibidi uongeze nauli yako mwenyewe na wenzako wapande boti. Ya Misali mwombe ruhusa, umtajie maboya, nahodha na saa ya kurudi, na ukifika Wesha jioni umpigie kabla hujabadilisha nguo. Akikataa kabisa? Mimi ningebaki ufukweni Misali, nikawapikia wali wenzangu na kuwatunzia simu. Kikundi hakitavunjika kwa hilo. Mama wa miaka yake ukishamdanganya kuhusu bahari, hata safari ya Kigamboni atakuwa halali.

Shangazi yako anatoa kwa moyo, lakini mwezi wa kumi Pemba ni karafuu. Mchana watu wako mashambani, usiku wamekaa kuchambua, asubuhi zinaanikwa, na wingu likitanda mbio za kuzianua. Wageni tisa wa kulala ni mzigo ambao hatakutajia. Wenzako wafikie gesti Chake. Wewe lala kwake, kaa naye chini usiku uchambue. Siku moja wote waje kula kwake, naye ajione kapokea ugeni. Mchele, mafuta na sukari vitangulie siku mbili kabla, na umkabidhi mkononi mwake, si mbele ya watu.