Saruji ya Meno na Ushikamano wa Kigingi Katika Mzizi

Jino lililooza sana huweza kupoteza karibu kichwa chake chote, ilhali mzizi wake ungali imara ndani ya taya. Mzizi kama huo si wa kutupwa. Daktari wa meno huondoa nyama laini iliyomo katika mfereji wa mzizi, huusafisha mfereji na kuuziba. Kisha huifungua tena sehemu yake ya juu na kutia humo kigingi chembamba cha metali au cha nyuzi za kioo. Juu ya kigingi hicho hujengwa kiini kinachobeba taji bandia. Kinachokiunganisha kigingi na mzizi ni utando mwembamba wa saruji. Utando huo ukishindwa, kigingi hulegea, mate na bakteria hupenya, na mzizi huweza kuoza au kupasuka. Mzizi uliopasuka kwa urefu aghalabu hung'olewa.

Aina za saruji

Saruji ya meno si ile ya kujengea nyumba, ingawa zote mbili huanza zikiwa laini na kuwa ngumu kwa mmenyuko wa kikemia. Aina tatu zafaa kujulikana.

Ya kwanza ni fosfati ya zinki. Unga wake, ambao sehemu yake kubwa ni oksidi ya zinki, huchanganywa na asidi ya fosfori. Saruji hii haiungani na jino kikemia. Huingia katika mikwaruzo midogo ya kigingi na ya dentini, ikagandia humo.

Ya pili ni glasi ionoma, iliyotangazwa na Wilson na Kent nchini Uingereza mwaka 1972. Hii huungana kikemia na kalsiamu ya jino.

Ya tatu ni rezini, ambayo ni polima. Hupenya katika vitundu vidogo mno vya dentini iliyotayarishwa, na yaweza kushika kwa nguvu kubwa. Lakini ndiyo isiyovumilia makosa.

Ubora hupotea wapi?

Saruji njema yaweza kuharibiwa kwa dakika chache za uzembe. Mmenyuko wa fosfati ya zinki hutoa joto, na joto huharakisha kuganda. Kwa hiyo unga huongezwa kidogo kidogo juu ya bamba la kioo lililopozwa, ili mchanganyiko upokee unga wa kutosha. Majimaji yakizidi, saruji huwa dhaifu na huyeyuka upesi zaidi kinywani.

Unene nao una kanuni. Kipimo cha kimataifa hutaka utando wa saruji za kubandikia zenye asili ya maji usizidi mikromita 25, yaani 25/1000 za milimita. Saruji iliyoanza kuganda haisambai. Kigingi hukwama kabla ya kufika chini.

Rezini ina maadui wake. Yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, hutumiwa katika baadhi ya dawa za kuzibia mfereji. Mabaki yake huzuia rezini kugeuka polima ipasavyo. Maji yaliyobaki mferejini hudhoofisha mshiko. Mwanga wa kugandishia nao haufiki vizuri chini ya mfereji. Ndiyo sababu hupendelewa rezini inayoganda kwa mwanga na kwa kemikali pia. Hatimaye, rezini hunywea inapoganda, na ndani ya mfereji mwembamba mnyweo huo huweza kuibandua kutoka ukutani.

Hesabu ya mfano

Ichukuliwe kwamba kigingi kina kipenyo cha mm 1.4 na urefu wa mm 10 ndani ya mzizi. Eneo la upande wake ni:

22/7 × 1.4 × 10 = mm² 44

Ikiwa saruji hushika kwa nyutoni 5 kwa kila mm², nguvu ya kuking'oa ni nyutoni 220, karibu sawa na uzito wa kilo 22. Mapovu ya hewa na uchafu vikiharibu nusu ya eneo, hubaki nyutoni 110 tu, ijapokuwa saruji ni ile ile.

Hata hivyo, saruji bora haifidii upungufu wa jino lenyewe. Hapana budi ibaki pete ya dentini nzima yenye kimo cha mm 2 hivi juu ya ufizi, ili taji liikumbatie.

Jaribio la darasani

Changanya plasta ya Parisi katika vikopo viwili: kimoja kwa maji ya kiasi, kingine kwa maji mengi. Simamisha msumari wa aina moja katika kila kikopo, kwa kina kimoja. Baada ya siku mbili, ivute misumari kwa mizani ya springi na kulinganisha vipimo.

Maswali

1. Kwa nini bamba la kuchanganyia fosfati ya zinki hupozwa?
2. Kigingi cha mfano kikiwa na urefu wa mm 7 tu, nguvu ya kuking'oa itakuwa nyutoni ngapi?
3. Kwa nini mabaki ya yujenoli ni hatari kwa rezini?