Mbayuwayu wa Buluu, Mgeni wa Nyasi Zetu

Sisi tuliozaliwa mpakani, kati ya Busia na Tororo, tumezoea kuona watu na malori yakivuka kila siku, kila mmoja na hati yake. Lakini yuko msafiri avukaye bila hati, na wengi wetu hatumjui. Ni mbayuwayu wa buluu.

Mbayuwayu tumjuaye sana ana koo jekundu na tumbo jeupe. Yeye hutoka Ulaya, hukaa kwetu miezi ya Krismasi, na Aprili hurudi kwao. Hapo ndipo huja huyu wa pili, kutoka kusini. Yeye ni buluu iliyoiva, ing'aayo, toka kichwa hata tumbo, na dume ana manyoya mawili marefu mkiani, membamba kama nyuzi. Hukaa Uganda na magharibi ya Kenya hata Septemba, kisha huenda kutaga katika nyanda za juu za Tanzania, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kiota chake hukijenga kwa udongo ndani ya shimo la ardhini, pengine lililochimbwa na mhanga.

Ndege huyu ni adimu, naye amo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu yake ni moja: hula wadudu awakamatao akiruka chini chini juu ya nyasi. Kusini, nyasi nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi. Kwetu zimelimwa na kupandwa miwa. Mwaka 1999 wataalamu waliorodhesha mahali 60 katika Kenya palipo muhimu kwa ndege, na nyasi za Busia zilikuwamo.

Wengine husema, "Hatagi kwetu, basi hatuhusu." Hesabu hiyo ina kasoro. Tanzania ilifanya Kitulo, ambako ndege hawa hutaga, kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Lakini ndege alindwaye kusini mwezi wa Desemba, akikosa chakula kaskazini mwezi wa Juni, hatarudi kutaga tena.

Simlaumu mkulima. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa fedha za miwa. Nasema tu kwamba bonde la nyasi lenye maji si shamba lililolala. Ni malisho ya ng'ombe, ni nyasi za kuezekea, na ndege huyu hamnyimi mtu chochote katika hayo. Bonde kama hilo lisilimwe lote.

Nanyi wanafunzi, wa Kenya na wa Uganda, kazi yenu ni hii. Tangu Aprili hata Septemba, tazameni nyasi zilizo karibu nanyi. Msimchanganye na mbayuwayu mweusi. Mkimwona, andikeni tarehe, mahali na idadi, mkampe mwalimu wa baiolojia daftari hilo. Kisichoandikwa hakuna atakayejua siku kilipopotea.