Piano kwa mkono mmoja

Wanafunzi wenzetu, leo tujifunze maisha ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa inchi ya Austria. Alizaliwa Vienna mwaka 1887. Mwaka 1914 alikwenda vita. Risasi ikampiga, wakamkata mkono wa kuume. Je, kazi imekwisha? Hapana! Kule Siberia, akiwa mfungwa wa Warusi, alizoeza vidole vya kushoto juu ya sanduku la mbao tu. Kidole gumba kikashika sauti ya juu, vingine besi. Halafu akalipa watungaji wakubwa wamwandikie muziki wa mkono mmoja. Ule wa Ravel, Mfaransa, aliupiga Vienna mwaka 1932. Alikufa Marekani mwaka 1961.

Swali: Sisi wenye mikono miwili, tunaizoeza namna gani?