SOMO: KUPIMA GHARAMA ZA MAISHA NG'AMBO YA ZIWA



Vyama vya akiba na mikopo vya ukanda wetu, kuanzia Simbo hadi Ujiji, hupokea maombi ya mkopo wa safari. Kijana amesikia kwamba mafundi wa Kalemie hulipwa kwa dola, naye anaomba nauli. Mzazi wake yu tayari kuliweka shamba la michikichi kuwa dhamana. Kamati ikikubali kwa pupa, akiba za wanachama zaweza kupotea, na shamba pia. Ikikataa pasipo hesabu, imemnyima mwanachama haki yake. Hapana budi kupima kwanza.

Mambo yanayopotosha

(a) Jina la fedha. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dola ya Marekani hutumika sokoni pamoja na faranga ya nchi hiyo. Mtu akitajiwa dola 150 huzigeuza upesi ziwe shilingi, akaona utajiri. Asahau kwamba chumba na unga wa huko navyo vitalipiwa katika dola hizo hizo. Tena thamani ya fedha hubadilika: shilingi yetu ilishushwa sana mwaka 1986, na faranga ya Burundi ilishushwa mwezi Mei 2023.

(b) Vipimo. Mawese huuzwa kwa dumu au chupa, unga kwa debe, kopo au kilo. Bei ya kopo hailinganishwi na bei ya kilo mpaka vyote viwili vipimwe kwa mzani mmoja.

(c) Vitu visivyonunuliwa nyumbani. Kijana wa Simbo aghalabu hula muhogo na mawese ya shamba la jamaa, hulala katika nyumba ya jamaa, na hupikia kuni alizookota. Kwa kuwa halipi fedha, hudhani vitu hivyo havina gharama. Akivuka Ziwa atavinunua vyote.

Mfano wa hesabu

Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila Katibu aulize bei na kiwango cha siku ile. Tuchukue dola 1 kuwa shilingi 2,500.

Seremala wa Simbo hupata shilingi 150,000 kwa mwezi. Hutumia 50,000 kwa samaki, sukari na chumvi, na 30,000 kwa sabuni, nauli na simu. Humbakia shilingi 70,000.

Kalemie ameahidiwa dola 150, yaani shilingi 375,000. Matumizi yake kwa mwezi:

Chumba: dola 30
Chakula: dola 60
Maji, mkaa na taa: dola 15
Nauli na simu: dola 10
Vibali (dola 180 kwa mwaka): dola 15
Kutuma fedha nyumbani: dola 2
Jumla: dola 132

Humbakia dola 18, yaani shilingi 45,000. Mkopo wa safari wa shilingi 300,000, hata bila riba, hulipwa 25,000 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Mkononi husalia 20,000. Mshahara umezidi mara mbili na nusu, lakini akiba imepungua kutoka 70,000 hadi 20,000.

Mshahara wa kulingana

Ili asipungukiwe, seremala huyu ahitaji kubakiwa na shilingi 95,000: yaani 70,000 za nyumbani na 25,000 za mkopo. Hizo ni dola 38. Ongeza matumizi ya dola 132. Jumla ni dola 170. Chini ya kiasi hicho safari ni hasara katika mwaka wa kwanza. Akiahidiwa dola 220, atazidi kwa dola 50 kila mwezi, na ombi lake lastahili kufikiriwa kwa uzito.

Wajibu wa Katibu

Mwombaji aulizwe: ni nani aliyeahidi mshahara huo, na je, umeandikwa? Atalipwa kwa fedha gani? Bei alizotaja alizipata kwa nani, na lini? Wafanyabiashara wa dagaa na mawese wavukao Ziwa hujua bei za soko. Waulizwe wawili au watatu. Kadhalika aulize Uhamiaji masharti ya kibali. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, lakini uanachama huo haumwondolei mtu wajibu wa kufuata sheria za kazi za nchi aendayo. Mwisho, apange akiba ya ugonjwa na nauli ya kurudi, kwani mfano wetu haukuiweka.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Taja vitu vitano ambavyo jamaa yako hutumia bila kuvinunua. Vingegharimu kiasi gani sokoni kwa mwezi?
2. Dola ikishuka hadi shilingi 2,300, seremala wetu atabakiwa na kiasi gani baada ya kulipa mkopo?
3. Je, yafaa shamba la jamaa nzima liwe dhamana ya safari ya mtu mmoja? Toeni sababu.