Dondoo muhimu: Kubana matumizi ili deni lilipwe, Kapolowe

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila faranga inayotoka, hata ya vocha ya simu.

Unga ndio unaomeza pesa. Anayenunua meka moja (kipimo cha sokoni) kila jioni hulipa zaidi kuliko mwenye gunia la mahindi. Mahindi hushuka bei baada ya mavuno, kuanzia Aprili, na Januari hupanda sana. Kama uko kwenye likelemba (mchango wa zamu), omba zamu yako iangukie Mei: nunua gunia, saga kidogokidogo. Makala pia yanaumiza. Loweka maharagwe tangu usiku, na mbabula (jiko la makala) ikiwaka pika mboga na bukari kwa moto uleule.

Samaki wa ziwa Tshangalele wanunue kwa wavuvi, si barabarani wanaposimama wasafiri wa Lubumbashi. Lengalenga panda nyuma ya nyumba.

Deni la dola na mapato ya faranga ni hatari: faranga ikianguka, deni linakua. Badilisha faranga kuwa dola siku ileile unayopokea. Lipa kwanza deni lenye riba ya kila mwezi. Mwenye duka anayekudai mwone kabla ya tarehe ya kulipa, hata ukiwa na nusu tu.